Tatu ya Jumatatu

Watoto wa mtaa walimwita Mama Chanjo, na walipomwona kwa mbali walifunika mapaja. Alikuwa ameyachoma mapaja hayo kwa miaka ishirini na sita katika kliniki ile ile yenye mlango wa bluu, mpaka ikafika zamu ya watoto wa wale aliowachoma mwanzo. Mwenyewe hakujaaliwa mtoto. "Hawa wote wangu," alizoea kusema, na watu wakamwamini, kwa sababu tarehe zao alizikumbuka kuliko mama zao.

Alikuwa na tabia moja iliyogunduliwa na wachache. Mtoto yeyote akisinzia karibu naye, iwe sokoni, iwe kwenye foleni ya benki, macho yake yalishuka kifuani mwa mtoto huyo na midomo ikaanza kucheza taratibu. Alikuwa akihesabu pumzi. Alihesabu dakika nzima, kama alivyofundishwa chuoni, jicho moja kwenye saa. Zikizidi arobaini, alikosa raha kutwa. Alistaafu, akarudisha funguo za kliniki, lakini kuhesabu hakukustaafu. Kulikuwa kumeanza siku alipohesabu pumzi sitini na nane kwenye kifua cha mtoto wa mdogo wake, na akajua hali ilivyo kabla ya mtu mwingine yeyote mle chumbani.

Mtoto huyo walimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kupiga makelele ya furaha kabla hata hajajua kukaa. Alikufa akiwa na miezi kumi na minne. Hospitali walisema ni nimonia, na maabara walipoiotesha damu yake walimtaja mdudu mwenyewe: numokoka, yule yule ambaye chanjo ya nimonia ilitengenezwa kumzuia. Mama wa Chiriku, fundi cherehani aliyeshona sare za shule, aliinua kadi ya kliniki yenye mihuri yote mitatu na kuuliza, "Si alichanjwa huyu? Dada, si ulimchanja wewe mwenyewe?"

"Nilimchanja," alijibu Mama Chanjo.

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa miaka kumi na moja hakuliongezea neno.

Neno aliloliacha lilikuwa hili. Chanjo ya nimonia hukaa kwenye friji, na joto lake lisishuke chini ya nyuzi mbili wala kupita nane. Ikiganda, haigeuki sumu, lakini nguvu yake hupotea, na mtoto huondoka na kidonda cha sindano tu. Ijumaa moja yenye joto kali, Mama Chanjo aliona kipimajoto kinapanda, akaizungusha swichi ya friji aongeze baridi, kisha akafunga mlango na kwenda zake nyumbani. Jumatatu asubuhi alipofungua friji, kipimajoto kilionyesha nyuzi moja chini ya sifuri.

Utaratibu aliujua kama anavyojua jina lake. Ilimpasa atenge shehena yote, agandishe kichupa kimoja makusudi, akiyeyushe, halafu akitikise sambamba na kile anachokishuku, atazame unga wa ndani unavyotuama, maana katika dawa iliyoganda unga huzama upesi. Kazi hiyo ingemla siku nzima. Nje palikuwa na kina mama tisa na watoto tisa, na wa kwanza kwenye benchi alikuwa mdogo wake, amefika tangu kabla ya saa moja.

"Dada, nifanyie haraka," alisema mdogo wake. "Nina sare arobaini za kukabidhi leo, na huyu binti yako jana kutwa hakuniacha nishone."

Chiriku alikuwa na wiki kumi na nne. Ilikuwa dozi yake ya tatu na ya mwisho. Mama Chanjo alichukua kichupa, akakigusa, hakikuwa na barafu. Akakitikisa, akakiinua dirishani. Chembe ndogo nyeupe zilishuka chini, au alidhani zilishuka. Alipepesa macho, akatazama tena, akaona maji meupe tu kama siku zote. Akavuta dawa.

Aliwachanja wote tisa. Mchana, baada ya kuirudisha swichi mahali pake, friji ilisoma tatu. Wiki ile ile mkaguzi alikuwa anatarajiwa. Kuandika ukweli kungekuwa na maana ya kuteketeza shehena yote, kuandika barua ya maelezo, na kuitwa mbele za watu kwa uzembe, yeye ambaye wauguzi wapya walitumwa kwake kujifunza kazi. Alichukua kalamu na kitabu cha joto, na kwenye mstari wa asubuhi ya Jumatatu akaandika: 3.

Alipokufa Chiriku, ile tatu ilihamia naye nyumbani. Aliiona kwenye saa, kwenye milango ya nyumba, kwenye kalenda. Akifua nguo, unga wa sabuni uliokuwa haujayeyuka ulishuka chini ya beseni, na mikono yake ikasimama majini mpaka maji yakapoa. Aliacha kunywa maji kwa glasi ya kioo, akanunua kikombe cha bati. Wale watoto wanane wengine aliwafuatilia kimya kimya miaka yote, akibuni visingizio vya kupita kwao. Wote walikua. Mmoja alivunjika mkono kwa kudandia ukuta, na Mama Chanjo aliposikia kwamba ni mkono tu, alikaa chini akacheka peke yake, kisha akalia.

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Msemo huo watu waliutumia mbele yake bila kufikiri, kisha wakajiuma ndimi kwa kukumbuka kwamba hana mtoto. Hawakujua kuwa lililomchoma lilikuwa lile la kuficha, wala si lile la kutozaa.

Mdogo wake alipojifungua mtoto wa kiume, Chiriku angekuwa na miaka minne. Huyu alizungumza kwa kituo na kwa uzito kama mstaafu, akiegemeza mikono nyuma ya kiuno, hivyo wakamwita Kibabu. "Leo mgongo haunikubali," aliwahi kumwambia mama yake alipotumwa dukani, akiwa na miaka mitano. Tangu akiwa mchanga, mama yake alimleta kliniki kwa dada yake bila kusita. "Nimpeleke kwa nani mwingine?" alisema, na maneno hayo yalimchoma Mama Chanjo kuliko lawama. Siku za chanjo za Kibabu alifika kazini kabla ya wafagiaji. Alipima friji kwa vipimajoto viwili. Dozi zote tatu alizishika kama mtu anayebeba yai la mwisho, na chini ya mbingu hii hakuna alichokuwa na hakika nacho kuliko uzima wa chanjo zile.

Hata hivyo Kibabu akawa mgonjwa wa kila mara. Masikio yalitoa usaha, yakapona, yakatoa tena. Akiwa na miaka sita alilazwa kwa nimonia, na kabla ya mwaka kuisha akalazwa tena. Kila alipolazwa, Mama Chanjo aliketi kando ya kitanda akihesabu, mpaka siku moja mtoto akafungua jicho moja na kusema, "Mama mkubwa, umefika ngapi?"

"Lala, baba."

"Ukikosea anza upya. Mimi sina haraka."

Daktari wa watoto wa hospitali kubwa, mwanamke mwembamba aliyeongea polepole, aliagiza damu ya Kibabu ipimwe kingamwili za numokoka, yaani kinga ambayo mwili umejijengea dhidi ya mdudu huyo. Majibu yalipotoka, fundi cherehani aliyapiga picha, akaona hayaelewi, akayachukua yenyewe na kwenda nayo moja kwa moja kwa dada yake. Aliyaweka mezani juu ya kitambaa.

"Haya mambo yako," alisema. "Nisomee."

Karatasi ilikuwa na safu ishirini na tatu, kila safu na aina moja ya numokoka, maana mdudu huyo ana koo nyingi na mwili hujifunza kila ukoo peke yake. Mbele ya kila aina palikuwa na tarakimu, na maabara walikuwa wameweka mpaka kwenye moja nukta tatu. Mama Chanjo alipitisha kidole. Nukta mbili. Nukta nne. Nukta moja. Aina nne tu ndizo zilizovuka mpaka. Zilizobaki, zikiwemo nyingi zilizomo kwenye chanjo aliyompa kwa mikono yake, zilikuwa chini kabisa, kana kwamba mtoto hakuwahi kuchanjwa.

Alikipitisha tena kidole tangu juu. Aliwaza: hata hii. Hata hii niliyoipima mara mbili. Basi labda mikono yangu ndiyo inayoua dawa.

"Dada? Ni mbaya?"

"Sijui," alisema. "Tutakwenda wote kwa daktari."

Walikwenda siku ya pili yake asubuhi. Chumba cha daktari kilikuwa chembamba, kina kiti kimoja cha mgonjwa na kigoda, na Kibabu alikataa kigoda akasema atasimama, amekaa sana siku hizi. Daktari aliitandaza karatasi.

"Nani kawaambia haya ni mabaya?" aliuliza.

"Tarakimu," alisema Mama Chanjo. "Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilimchanja mwenyewe."

Daktari alimgeuzia karatasi. "Basi tusemezane kikazi, mama. Huyu alichanjwa akiwa mchanga, sasa ana miaka saba. Kingamwili hushuka miaka inavyopita, hata kwa mtoto mwenye afya yake. Ukimpima mtoto yeyote wa hapa nje, unaweza kukuta nyingi ziko chini namna hii. Karatasi hii peke yake haiwezi kuniambia kama mwili wake ulijifunza ukasahau, au haukuwahi kujifunza. Wala haisemi kwamba chanjo ilikuwa mbovu."

"Sasa inasema nini?" aliuliza fundi cherehani.

"Inasema tulipo leo. Tutampa chanjo nyingine, ile ya aina ishirini na tatu, halafu baada ya wiki sita tupime tena, maabara ile ile, aina zile zile. Mwili wenye afya ukigongewa hodi, huitika. Tutalinganisha karatasi mbili. Jibu liko katikati yake."

Kibabu alichomwa begani na muuguzi kijana. Hakulia. Alimwambia muuguzi kwamba mama yake mkubwa ana mkono mwepesi zaidi, lakini asivunjike moyo. Mama Chanjo aligeukia dirishani. Kabla sindano haijaingia, alikuwa ameshaomba kukiona kichupa. Alikuwa amekitikisa, akakiinua kwenye mwanga, na muuguzi kijana akamsubiri kwa adabu bila kuuliza.

Zile wiki sita zilimtafuna. Alirudi kuwaona wale wanane, safari hii bila hata kisingizio. Alisimama nje ya geti la shule wakitoka, wakubwa sasa, wamerefuka na kupata mabega, naye akatafuta vifua vyao chini ya sare ambazo huenda mdogo wake ndiye aliyezishona. Mara mbili alimwona wa tisa akitoka nao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, anaongea mfululizo, na alipofika karibu akawa mtoto wa watu tu. Mama Chanjo hakumsimulia mtu. Alijua mwenyewe ni macho yanamdanganya, lakini alibadilisha njia.

Karatasi ya pili ilipotoka, daktari aliziweka zote mbili sambamba na kuchukua rula. Alishuka safu moja baada ya nyingine kwa utulivu, na fundi cherehani alifuata rula ile kwa macho kama anavyofuata mshono.

"Kwa mtoto wa umri huu," alisema daktari, "nilitegemea aina kumi na sita au zaidi zivuke mpaka, na zilizokuwa chini zipande walau maradufu. Kwake zimevuka sita. Nne zilikuwa juu tangu mwanzo. Zilizopanda kweli ni mbili."

"Chanjo hii iligandishwa?" Swali lilimtoka Mama Chanjo kabla hajalishika.

"Hapana, mama. Tuna kumbukumbu zake tangu ilipotoka bohari. Na siku hiyo hiyo nilimchanja mtoto mwingine kutoka shehena ile ile, karatasi yake imejaa tarakimu za juu. Chanjo iligonga, mwili haukuitika. Nimepima pia kingamwili zake za jumla, nazo ziko chini. Kibabu ana kasoro ya kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana ya masikio, ndiyo maana ya nimonia. Hakuna mtu aliyemfanya hivi, na tiba ipo. Atapewa kingamwili za watu wengine kwa dripu, kila baada ya wiki nne."

Fundi cherehani alizitazama tena zile karatasi mbili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nilikuwa na binti kabla yake. Alikufa kwa mdudu huyu huyu. Naye alikuwa hivi?"

Daktari aliiweka rula chini. "Hali hizi wakati mwingine hutembea ndani ya familia. Kwa hiyo inawezekana. Lakini sina damu yake, na sitakuambia ndiyo kwa kitu ambacho sikukipima."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la ukumbi, mkabala na dirisha la dawa. Kibabu alikuwa amekwenda kusoma matangazo ya ukutani kwa sauti. Fundi cherehani alikuwa akilia huku anatabasamu, akifuta uso kwa upande wa mkono.

"Dada, miaka yote nilidhani nilimchelewesha hospitali," alisema. "Asubuhi ile nilimaliza kwanza kola mbili. Kola mbili, dada. Nilikuwa nikizihesabu kila siku."

Mama Chanjo alikuwa na jibu ambalo lingempa mdogo wake mtu mwingine wa kumlaumu, na miaka kumi na moja alikuwa amekaa nalo akimwacha ajilaumu mwenyewe. Angeweza kunyamaza hata sasa. Karatasi mbili zilikuwa zimemfungulia mlango wa kutokea, na hakuna ambaye angeuliza.

"Dozi ya tatu ya Chiriku," alisema, "sina hakika nayo."

Alisimulia yote. Swichi ya Ijumaa, nyuzi moja chini ya sifuri, chembe zilizoshuka au ambazo hazikushuka, mkaguzi, kalamu. Alipofika kwenye ile tatu hakuitamka, akaichora kwa kidole juu ya goti. Mdogo wake aliacha kulia. Aliutazama uso wa dada yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyewahi kumfahamu.

"Mazishini ulinishika mkono," alisema mwishowe.

"Nilikushika."

"Na ulikuwa unajua."

"Sikuwa najua. Nilikuwa naogopa. Mpaka leo sijui."

"Ulikula kwangu miaka kumi na moja ukiwa umenyamaza." Alisimama, akamwita mwanawe, akamshika mkono. Hakupandisha sauti. "Usitufuate."

Wiki tatu hazikuwa na simu. Katika wiki hizo Mama Chanjo alikwenda kliniki yenye mlango wa bluu, akamwambia muuguzi mkuu wa sasa kwamba anataka kusahihisha kitabu cha joto cha mwaka fulani. Muuguzi mkuu, ambaye Mama Chanjo ndiye aliyemfundisha kazi, alimkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza kwa upole kwamba vitabu vya zamani viliteketezwa walipohamisha stoo. Hapakuwa na mstari wa kufuta. Ile tatu ilikuwa imebaki kwake peke yake.

"Niandikie barua hata hivyo," alisema muuguzi mkuu. "Nitaipeleka juu. Na, dada, dozi mbili za kwanza za mtoto yule zilikuwa nzima. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mbili nzima si bure."

Alilijua hilo. Alikuwa analijua miaka yote, kama mtu anavyojua kuwa giza halina meno. Aliandika barua, kurasa mbili, akatia sahihi.

Siku ya ishirini na tatu mdogo wake alipiga simu. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nimekwenda kwa daktari peke yangu, nimemweleza ya friji. Anasema hata kama iliganda, zile mbili zingemsaidia mtoto mwenye mwili unaoitika. Anasema hajui zaidi ya hapo. Sijakusamehe. Lakini Jumanne ni dripu ya kwanza, inachukua saa nne, na mimi nikiona sindano siwezi kukaa. Mtoto anakuuliza."

Jumanne Mama Chanjo alifika mapema. Chumba cha dripu kilikuwa na vitanda sita na dirisha kubwa la uani. Mdogo wake alikaa upande mmoja wa kitanda, yeye upande wa pili, na kati yao Kibabu amejiegemeza kwenye mito miwili kama mwenyekiti wa kikao. Saa ya kwanza mdogo wake aliipitisha akitazama uani. Dripu ilidondoka. Mama Chanjo aliutazama mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akajizuia kuinuka kuutikisa, maana dawa ile haitikiswi.

"Yule dada yangu," alisema Kibabu ghafla, "alikuwa na miaka mingapi?"

Wakubwa wawili walitazamana, mara ya kwanza asubuhi ile.

"Mmoja na kidogo," alisema mama yake.

"Mimi nina saba." Alifikiri, uso umekunjamana. "Basi mimi ndiye mkubwa sasa. Anatakiwa aniamkie."

Fundi cherehani alitoa sauti iliyoanza kama kicheko. Alisogeza pochi yake kutoka kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yake, akaiweka sakafuni.

"Hamia huku," alimwambia dada yake bila kumtazama. "Huko jua linakupiga usoni."

Mama Chanjo alizunguka kitanda, akakaa. Kibabu alifumba macho baada ya muda, na kifua chake kikaanza kupanda na kushuka chini ya shuka. Mama Chanjo alianza, moja, mbili, tatu, na alipofika ishirini akagundua kuwa midomo ya mdogo wake nayo inacheza.